Shimo Chini ya Chumba cha Watoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema. Leo msitoke. Mimi si msemaji, mnanijua. Nikialikwa harusini naomba niwekwe jikoni. Kidato cha nne nilimaliza, cheti kiko kabatini, sijawahi kukisumbua. Kazi yangu ni nyumba, shamba, kanisa letu la Mennonite, na kijiji hiki cha upande wa Segese. Ukifiwa, utaniona nachochea moto kabla hujamaliza kulia. Zaidi ya hapo sitoki. Geita mjini nilifika, pale Kalangalala, nikanunua kanga, nikaumwa kichwa, nikarudi.

Sasa mtu kama huyo, ndiye aliyeletewa mgodi mpaka ndani.

Jirani alikuwa anachimba choo, akakutana na jiwe lenye dhahabu. Mume wangu, Baba Ester, akaenda kutazama. Akaufuata mkanda wa lile jiwe, yaani mstari unaobeba dhahabu, kwa macho, na macho yake yakaishia kwenye nyumba yetu. Angechimba nje, wangetuvamia wachimbaji kutoka Rwamgasa na kwingineko, maana rashi ya dhahabu, ule mkimbizano, tunaijua: leo uwanja ni wako, kesho unaomba njia ya kupita. Kwa hiyo yeye na mdogo wake wakachimba stoo, ndani ya nyumba, mchana kweupe, redio ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho ili nyundo isisikike. Majirani walidhani tumeanza kupenda bongo fleva uzeeni.

Nilisema, ndugu zangu. Nilisema kwa adabu, halafu bila adabu.

"Mama Ester," akanijibu, "wewe si hupendi kutoka? Nimekuletea kazi nyumbani."

Nikacheka! Hiyo ndiyo hasara ya kuolewa na mcheshi. Nikajikuta nabeba ndoo za udongo na kuumwaga kwenye matuta ya viazi, watu wasione kichuguu kipya uani.

Mkanda ukakunja, ukaenda chini ya chumba cha watoto. Nao wakaufuata. Sakafu ya chumba kile ikaanza kulia kama ngoma ukiikanyaga. Nikasogeza kitanda cha watoto upande wa pili, kana kwamba shimo linaheshimu kitanda. Nikamwomba Mungu aifiche dhahabu, wachoke, waache. Hakuificha. Walipata chembe chembe, kiasi cha kumfanya mtu asiache. Kusema nje niliogopa: nikisema, tunavamiwa, nikinyamaza, watoto wangu wanalala juu ya tundu.

Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Wageni mlio hapa, sisi tukishashiriki huwa tunatawadhana miguu, akina mama kwa akina mama, akina baba kwa akina baba. Na tusidanganyane, kila mwanamke huisugua kwanza nyumbani. Hakuna anayepeleka uchafu wake mbele za Bwana! Mimi pia nilisugua. Lakini udongo wa chini unaingia kwenye nyufa za kisigino na kukaa.

Aliyeangukiwa na zamu ya kunitawadha ni Mama Yohana, mjane, aliyeponda mawe Rwamgasa miaka mingi, na mumewe alifia huko ndani ya shimo. Akanishika kisigino, akamwaga maji. Maji kwenye beseni yakawa meupe kama maziwa. Udongo wa mashamba yetu ni mweusi. Hakuinua kichwa.

"Mayu," akasema taratibu, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "huu udongo umeutoa wapi?"

"Kwenye viazi."

"Viazi vya kina gani?"

Nikavuta mguu. Hakuachia! Ndugu zangu, mguu wako ukiwa mkononi mwa mtu, uongo unakosa pa kusimama. Nikalia, nikamweleza yote. Wengine wakadhani Roho amenishukia. Sikuwasahihisha.

Alasiri akaja na akina mama wa kikundi chetu, na Mungu amekijalia kikundi chetu uzito. Baba Ester akawakaribisha vizuri.

"Shemeji, tumekuja kuwaombea watoto," akasema Mama Yohana. "Chumbani kwao."

Wakaingia, wakafunga kanga viunoni, wakaanzisha pambio lile la kuruka.

"Msiruke!" Baba Ester akapaza sauti.

Wote wakamgeukia.

"Kwa nini, shemeji?"

"Imbeni tu mmesimama. Nyie ni wazito."

"Sakafu inayotuogopa sisi ndiyo inawabeba watoto?"

Mama Yohana akamwambia, bila ukali wowote, "Marehemu wangu naye alisema jiwe linashika, haliporomoki."

Baba Ester akatazama sakafu, kisha kitanda. Akainama, akakunja godoro la watoto mwenyewe, akalitoa nje. Siku hiyo hiyo tukahamia kwenye chumba cha shule ya Jumapili.

Na mimi, kwa ujinga wangu, kila mchana nilikuwa narudi kufagia ile nyumba. Niseme nini? Niliizoea.

Siku moja juma lile mvua ikanyesha tangu asubuhi. Nilitaka kwenda kufagia, lakini nikaitwa kwa mama mmoja aliyejifungua, nikabaki kumkanda maji. Mchana ukuta wa nyuma ukakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na chumba cha watoto kikaingia ardhini.

Nilipofika, watu wamejaa. Baba Ester alikuwa amepiga magoti kwenye tope anafukua kwa mikono, anaita, "Minza! Minza!" Hilo ndilo jina langu. Tangu nimzae Ester hakuwahi kuniita hivyo. Nikasema, "Nipo hapa." Hakusikia. Nikamshika bega. Akageuka, akanitazama, akanishika miguu yote miwili.

Shimo tumelifukia. Dhahabu iliyobaki imo humo humo, na ikae. Nyumba hatuna bado, ila watoto wote wale pale, yule mdogo anachokonoa pua.

Namshukuru Mungu, na nawashukuru akina mama. Nilimwomba aifiche dhahabu. Akaona afadhali anifichue mimi. Mwamini huyo, ndugu yangu. Na kama huwezi kusema mbele ya kanisa zima, tafuta mtu mmoja tu umwambie, kabla mvua haijanyesha.