Pasi Ananunua Nyumba ya Kupangisha

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Lina ugonjwa wake: ukiketi mwisho wa upande mmoja bila mwenzako upande wa pili, linakumwaga. Siku hiyo tulikuwa wanne na kahawa ilikuwa ya moto. Chaki ni mwalimu mstaafu, ana methali kwa kila jambo, ila methali na jambo huwa hazijuani. Koki ni fundi bomba. Pasi ndiye dobi wetu. Yeye na mkewe wameufulia mtaa huu tangu mimi nikiwa na nywele. Jioni hiyo Pasi alikuwa aende kwa dalali kulipia nyumba kule mlimani, aipangishe, kodi iwalishe uzeeni, maana mgongo wa shemeji yetu hautaki tena kuinamia beseni. Ilikuwa akiba yao yote. Alipita kwanza kijiweni kutushukuru, kwa kuwa Jumapili tulikwenda naye kuikagua.

Pasi: Jamani, asanteni. Ndugu zangu wa tumbo moja walisema wana shughuli. Nyinyi mliacha mapumziko yenu mkaenda kugonga kuta.

Koki: Usijali, kaka. Zile koki nilizifungua zote. Maji yanatoka kama yanadaiwa.

Chaki: Na hati niliisoma mpaka mihuri, ofisi ya ardhi wakathibitisha. Lipa leo leo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Mimi: Mwalimu, hiyo si inamwambia asiwe na haraka?

Chaki: Inamwambia asijikwae. Wewe shona.

Pasi: Kwa hiyo hakuna kilichobaki? Nawauliza kwa sababu usiku silali. Nikikosea hapa, mimi na mama watoto hatuna muda wa kuanza upya.

Koki: Sikiliza. Watu hununua nyumba kwa kutazama rangi. Nyumba ni choo, bwana. Mpangaji atavumilia bati linalovuja, lakini choo kikigoma anahama hata kodi haijaisha. Kile cha mlimani ukivuta maji, lazima ushike suruali.

Mimi: Mimi niliangalia kizingiti. Hakijalika hata kidogo, utadhani kiliwekwa jana. Maana yake wapangaji wa pale ni wastaarabu, wanainua miguu.

Chaki: Hayo madogo. Siri ni kuchagua mpangaji. Tafuta maharusi. Watazaa, mtoto ataanza shule, basi hawahami mpaka kitinda mimba amalize. Unakula kodi mpaka unazeeka. Kwa hiyo kuanzia sasa, Pasi, usikose harusi ya mtu.

Pasi: Na wasipojaliwa mtoto?

Chaki: Utawaombea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Koki: Guu la nani tena?

Chaki: La mpangaji.

Tulikuwa bado kwenye guu la mpangaji alipokuja dada mmoja amevaa sare ya uuguzi, mkononi ameshika jozi ya viatu vyeusi. Akatuamkia wote, tukaitikia marahaba.

Dada: Naomba nishonewe hivi, mzee wangu. Halafu, kama mnajua pa kupanga, nitashukuru. Nimehamishiwa hospitali ya hapo chini, nalala kwa mwenzangu kwenye kochi.

Tukatazamana. Pasi akasimama, nusura benchi limtupe Koki.

Pasi: Mwanangu, karibu uketi. Nyumba ninayo. Yaani, jioni nitakuwa nayo. Ipo kule mlimani.

Koki: Koki zote mpya.

Chaki: Hati safi. Umeolewa?

Dada: Bado, mzee wangu.

Chaki: Fanya hima.

Dada: Nikitoka zamu saa mbili usiku, nitafikaje huko?

Pasi alimtazama Koki, Koki akanitazama mimi.

Koki: Sisi mbona tulifika upesi tu.

Dada: Kwa basi gani?

Koki: Kwa gari la dalali.

Dada: Na kurudi?

Koki: Alaa, si hilo hilo. Alitufungulia na muziki.

Dada: Mimi sina gari, wazee wangu. Na wanaotafuta vyumba vya kupanga, wengi ni kama mimi.

Nikavitazama viatu vyake. Visigino vilikuwa vimeliwa na barabara hadi misumari inachungulia. Kazi yangu ni viatu vya watu wanaotembea, na Jumapili nzima sikuwaza miguu ya mtu. Niliona aibu hasa.

Mimi: Pasi, kaka yangu. Kile kizingiti hakijalika kwa sababu hakuna anayekivuka. Tuliikuta nyumba tupu, tukasema imetunzwa.

Simu ya Pasi ikaita. Alikuwa dalali.

Pasi: Leo siji kulipa, bwana... Hapana, sijaghairi. Nataka kuiona tena... Usijisumbue na gari. Nitapanda kwa miguu, giza likishaingia, na nikifika nitabisha kwa majirani niwaulize wao hutokaje.

Akaizima simu, akashusha pumzi ndefu.

Chaki: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, methali yake ilikaa mahali pake, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpongeza.

Pasi: Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie.

Dada: Mzee, mimi nimeuliza njia tu.

Pasi: Sisi hatukuiuliza. Wazee wenzangu, asanteni na nyinyi pia.

Koki: Sisi tena? Tulikuwa tunakuzika.

Pasi: Mlikuja. Kama ni kukosea, tulikosea pamoja. Aliyekaa nyumbani hakukosea kitu, wala hakunisaidia kitu.

Koki akainamia kikombe chake. Mimi nilianza kushona viatu vya yule dada, na nilikwishaamua kwamba simtozi.

Mimi: Keti basi, kaka, tumalizie kahawa.

Pasi: Hapana, wacha nikimbie nyumbani. Tangu asubuhi mama watoto amekaa na zile pesa mapajani. Nimemwacha analia, anasema zikitoka ndiyo basi. Nataka nimkute bado amezishika.