Barabara Ilikatika, Daktari Akanifikia

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Mkiniona nimenawiri hivi, msidhani ni chapati. Mimi ni mtu niliyetolewa mdomoni mwa kaburi!

Nilipewa uhamisho kutoka Kitui kwenda kufundisha kijiji kimoja cha Wasomali, mbele ya Masalani, nikiwa na mimba ya kwanza. Kisomali sikujua hata salamu. Jirani yangu, mama mfugaji tuliyemwita Habo Halima, yaani Mama Mdogo Halima, akanichukua kama binti yake, kila asubuhi maziwa.

Mvua ikaja. Mto Tana ukafurika, barabara ikakatika, na uchungu ukanishika papo hapo. Zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja tu, dada Fartun. Mtoto akatoka salama, haleluya! Lakini damu ikakataa kukoma. Ndugu zangu, niliiona ikidondoka sakafuni nikajua namwacha mtoto yatima.

Fartun akampigia daktari wa Garissa kwa video. Mtandao ulishika uani tu, kando ya tangi la maji, basi yeye, Habo na akina mama waliokuja naye wakanibeba na kitanda changu mchana kweupe. Daktari akasema, "Nionyeshe tumbo." Habo kusikia sauti ya kiume, akaifunika simu kwa shuka!

"Habana, wallahi! Mwanaume haoni mama akiwa hifi!"

Daktari akawa anaita gizani, nami naishiwa nguvu. Habo alikuwa akinilindia heshima yangu, najua. Nikamshika mkono. "Habo, nikifa heshima nitaipeleka wapi? Mwache anione."

Akanitazama. Akaifunua simu, akawaita akina mama wote waliokuwa uani. Wakavua shuka za mabegani, wakazishika, wakanizungushia ukuta! Ndani tukabaki mimi, Fartun na daktari kwenye simu, na simu ameishika Habo mwenyewe! Daktari akaelekeza, Fartun akakandamiza mfuko wa uzazi kwa mikono yote miwili, dawa ikaingia mshipani. Damu ikapungua, ikapungua, ikakoma! Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Mimi nilikuwa nimeomba ndege ije inipeleke hospitali, ndugu zangu. Mungu akaleta simu na shuka. Wewe unayelia leo, mwamini, wala usimchagulie njia!

Nisiwachoshe. Habo yuko nje langoni na mwanangu mgongoni. Kuingia kanisani amekataa, lakini ameniambia, "Mwalimu, ukishukuru Mungu huko ndani, shukuru na yangu."

Basi Bwana, pokea na asante ya Habo Halima!