Dada Tuliyemtangaza Kuwa Amepona

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala na mkewe muuza maziwa. Siku hiyo alilia mpaka jirani wa nyumba ya tatu akaja kuuliza nani kaungua. Baba akacheka, "Huyu si mtoto, ni tarumbeta." Jina likamganda, hata wajukuu walimwita Bibi Tarumbeta.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza, lakini kwenye kusoma kwa sauti hakuwa na mpinzani.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa karani wa mahakama, kazi yake kuita kesi. Alisimama mlangoni, jalada mkononi, akaita jina, na mtu aliyekuwa akinyolewa ng'ambo ya barabara aliinuka na povu kidevuni. Kipaza sauti kilipoletwa alikikataa. "Mpeni hakimu," alisema, "yeye ndiye hasikiki."

Aliolewa na fundi saa tarehe 11 Desemba 1982. Fundi huyo alikuja mahakamani kutoa ushahidi, akaitwa mara ya kwanza akanyamaza makusudi, apate kuitwa tena. Alipoitwa mara ya tatu hakimu alikuwa tayari kumtoza faini. Walijaliwa watoto watatu.

Mwishoni mwa 2006 tezi ya shingo ilivimba. Alipasuliwa tarehe 9 Februari 2007, ikatolewa yote. Kovu lilipona vizuri, likawa jembamba kama uzi, na kovu hilo ndilo lililotuponza: tuliona shingo nzuri, tukafunga shauri. Kumbe mwenyewe alihisi donge kooni, midomo inatambaa kama ina sisimizi, vidole vinajikunja akishika kikombe. Jua la saa sita alivaa sweta. Kidonge cha kila asubuhi cha kushika nafasi ya tezi, ambacho angekimeza maisha yake yote, kilikuwa bado hakijapatiwa kipimo kinachomfaa. Na sauti ilikwaruza kama bawaba yenye kutu.

Mwezi wa Aprili aliomba likizo iongezwe miezi mitatu. Mkuu wa masjala, mtu mwungwana, akaja nyumbani kumjulia hali. Aliyempokea mlangoni ni kaka mkubwa wa marehemu, huyu anayewasomea.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Hajambo kabisa, mzee. Amepona."

"Na sauti je?"

"Aa, sauti! Juzi kamfokea fundi bomba mpaka kuku wa jirani wakahama."

Hakukuwa na fundi bomba. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni akiuliza hali, hali ni njema, hata kama uani kunaungua. Marehemu alikuwa nyuma ya pazia, akasikia yote. Alijaribu kuita, sauti haikufika hata kwenye pazia. Alipojikongoja hadi sebuleni, mgeni alikwisha kwenda zake.

"Kaka, umeniuza," alinong'ona.

"Nimekuuza wapi? Nimekusitiri, mdogo wangu."

"Nani alikuomba stara? Nilitaka wajue naumwa."

Wiki iliyofuata barua ikaja: kwa kuwa familia imethibitisha amepona, arejee kazini Jumatatu. Akarejea. Kesi ya nne sauti ikakatika. Mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi la nje hakusikia jina lake, ikaandikwa hakufika, na amri ya kumkamata ikatolewa. Marehemu alipojieleza, wenzake wakasema anajidekeza, kaka yake wa tumbo moja si amesema mwenyewe? Akahamishiwa stoo ya majalada, chumba cha chini kisicho na dirisha, yeye ambaye baridi ilikuwa imeingia mifupani. Alikaa huko mpaka alipostaafu Machi 2018.

Mwaka 2009 daktari wa koo alimpima, akakuta uzi mmoja wa sauti umelala na hautaamka. Fundi saa akampelekea shemeji yake karatasi ya daktari, akaiweka mezani. Kaka akaenda kuomba radhi. Alipewa kiti, akapewa chai, lakini radhi hakupewa. Toka hapo kila alipouliza, "Hujambo, mdogo wangu?" alijibiwa, "Sijambo, kaka. Nimepona." Wengine aliwasimulia ganzi, uchovu, na jinsi alivyosahau sufuria jikoni. Kwa kaka yake alikuwa mzima. Hata moyo ulipoanza kuchoka mwaka huu, kaka alizipata habari kwa kinyozi.

Alilazwa tarehe 30 Oktoba 2021, akafariki tarehe 3 Novemba, saa tano asubuhi. Jana yake kaka alimwuliza hali. "Sijambo," alisema, akageukia ukutani.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na ndugu wanne walio hai.

Enyi mliokuja kumzika, mkuu wa masjala mstaafu yupo nasi, safu ya pili. Mzee, yale maneno ya mlangoni yafute. Dada yetu hakuwa amepona. Aliumwa miaka kumi na minne, alisema kweli, na aliyemkanusha ni ndugu yake. Mwenyezi Mungu ampokee kwa neno la marehemu mwenyewe, asiulize kwetu.