Filimbi na Rimu: Kumuaga Mwalimu Twende

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha darasa la kwanza, Mwalimu Twende anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake la kwenye mshahara ni lingine, lakini ukimwulizia kwa jina hilo hapa shuleni utaambiwa umepotea njia. Neno lake ni hilo moja. Twende darasani, twende tukanawe mikono, twende tukaone huyo anayelia ana nini. Kiti chake katika ofisi ya walimu bado kina nailoni ya dukani, maana hajawahi kukikalia vya kutosha kuichana.

Alianza kazi katika shule ya bondeni, enzi hizo ikiwa na vyumba vichache na mlango mmoja tu unaofungika. Alifundisha watoto, kisha akafundisha watoto wa wale watoto. Mpaka leo baba mzima mwenye ndevu akikutana naye njiani huchomekea shati haraka haraka. Mume wake, seremala, hutania kwamba yeye alioa filimbi, mwalimu akaja kama nyongeza. Filimbi hiyo haitoki shingoni. Kule bondeni ilikuwa ya kuwaita watoto waingie, na kipande cha chuma kikigongwa ilikuwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Utaratibu huo aliuweka mwenyewe. Alisema mtoto anapaswa kuitwa na mtu, ila kumfukuza aende nyumbani hata chuma kinaweza.

Miaka minne iliyopita wanafunzi walikuwa wamepungua huku na kule, ikaamuliwa shule ya bondeni ifungwe na watoto wake wapande kwetu mlimani. Hakuna aliyefurahi. Wa bondeni walisema wameporwa shule, wa mlimani wakasema wanaletewa msongamano. Fundi cherehani, mwenyekiti wa wazazi wa bondeni, alisimama mkutanoni akasema watoto wao hawaendi kuwa wageni wa kudumu kwenye shule ya watu. Mwalimu Twende hakubishana naye. Alisema tu kwamba asubuhi atakuwa njia panda, pale kwenye mashine ya kusaga, na anayetaka amlete mwanawe.

Siku ya kwanza alipanda na kundi zima. Sisi tulikuwa tumefagia uwanja na kuvaa tabasamu zetu za wageni. Yeye akaingizwa ofisini kutambulishwa, na mlinzi wetu akagonga rimu ya lori, ambayo huku mlimani maana yake ni kuingia mstarini. Watoto wa bondeni kusikia chuma, wakatazamana, wakabeba mabegi, wakashuka mbio kwenda kwao kwa furaha isiyo kifani. Mwalimu alipotoka ofisini uwanja ulikuwa umebaki nusu.

Kule chini wazazi waliona watoto wanarudi hata umande haujakauka, wakajua wamefukuzwa. Fundi cherehani akafunga kibanda, akapanda na umati nyuma yake, watoto wakivutwa mkono. Wazazi wa mlimani nao wakajaa langoni. Maneno yaliyosemwa pale hayafai kuchapishwa katika jarida la shule. Nilikuwa na hofu ya kweli, nikajua shule yetu mpya imekufa kabla ya kipindi cha kwanza. Mwalimu Twende akapita katikati yao, akasimama uwanjani, akapuliza filimbi. Watoto wakajichomoa mikononi mwa wazazi wakajipanga mstari ulionyooka. Wazazi wawili watatu walijikuta nao wamejipanga, na fundi cherehani alikuwa mmoja wao, mikono nyuma.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na kwenye kicheko hicho tukakubaliana. Tangu siku hiyo filimbi na rimu hupigwa kwa pamoja kuita watoto ndani, na wageni hudhani kuna moto. Kutoka hatupigi chochote, kwani mtoto hajawahi kukosea saa ya kwenda nyumbani.

Nisitie chumvi, mambo hayajatulia. Bado kuna madawati yanayoitwa ya bondeni. Bado Mwalimu huzunguka njia ndefu ili asipite mbele ya shule yake ya zamani, ambamo sasa wanahifadhi magunia. Niliwahi kumwuliza kwa nini, akanijibu twende. Na mvua inyeshe, jua liwake, kila asubuhi yuko njia panda. Wazazi wa bondeni wanamkabidhi yeye mtoto, hawaikabidhi shule. Hilo ndilo linalotukosesha usingizi. Tangu habari za kustaafu zitoke, baadhi yao wameshasema watoto watakaa nyumbani kwanza, waone. Kwenye kikao cha wiki iliyopita fundi cherehani aliuliza kitu kimoja tu, kwamba Jumatatu nani atakuwa njia panda. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza hakusema neno lake.

Tulimwomba basi angalau atuachie filimbi. Akakataa katakata, akasema hiyo ni yake, tununue yetu. Tumenunua. Juzi niliijaribu uwanjani, nikapuliza mpaka mashavu yakawaka moto, na aliyegeuka ni mbuzi wa jirani peke yake. Mlinzi aliniangalia akanionea huruma. Huyu ni mtu wa mlimani kwa kuzaliwa, na kule bondeni hajawahi kukanyaga. Akasema atashuka nami njia panda, na rimu ataibeba begani.

Mwalimu, ahsante kwa watoto wote uliowashika mkono, na kwa wazazi wao uliowashika kabla yao. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na haraka. Kiti chako tunakuletea nyumbani, na nailoni uichane mwenyewe. Jumatatu ukisikia filimbi inayokohoa na chuma kinachogongwa ovyo njia panda, usitoke, mama. Kaa, unywe chai yako. Ni sisi, tumefuata watoto.