Kemikali ya Sandra

Benchi la kijiwe cha Noonkopir liko mbele ya karakana ya Muema, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kijiwe kizima humwita Injinia. Thamosi ya kahawa ni ya Mustafe, muuza mbuzi, maarufu kama Bei ya Mwisho. Asubuhi moja Katoo alikuja na fomu ya hospitali, akakaa nayo mapajani. Binti yake Sandra amekuwa akisikia sauti zisizokuwepo miaka saba sasa, na dawa za aina tatu zimeshindwa.

— Wanataka kupima ubongo wake, Katoo alisema mwishowe. Daktari anasema hizo dawa hutuliza dopamini. Lakini kwa Sandra pengine shida ni kemikali ingine, glutamati. Wataiangalia na mashine.

— Halafu apone? Bei ya Mwisho aliuliza.

— Hapana. Ni utafiti. Labda isaidie watu wa baadaye. Sandra anasema nikikubali, yeye pia atakubali.

— Mzee, hiyo ni betri tu, Injinia alisema. Asidi imezidi. Unamwaga kidogo, gari inawaka.

— Betri gani? Hiyo ni chumvi. Mbuzi yangu ikikosa chumvi inalamba ukuta siku nzima.

— Wacha mbuzi! Na ile busta ya simu iko juu ya flati yao? Mtu akiwa na kichwa laini anashika netiwaki.

— Basi hao madaktari wanataka kumfyonza hiyo kemikali wakauze ng'ambo! Bei ya Mwisho alisema.

Siku zingine Katoo angecheka. Leo aliweka kikombe cha kahawa chini.

Mama mmoja wa Oltepesi, aliyekuwa akingoja wilibaro yake ichomelewe, aliinua kichwa.

— Samahani, baba. Hizo sauti humwambia nini?

Injinia alimtazama Bei ya Mwisho. Bei ya Mwisho akaanza kufunga thamosi. Katoo alikuwa amempeleka Sandra kliniki, akampeleka kwenye maombi Kimuka, akamwamsha kila asubuhi ameze dawa. Hilo hakuwahi kumuuliza. Aliogopa.

— Sijui, alisema.

Akainuka, akaenda nyumbani. Sandra alikuwa uani akikamua blanketi, midomo ikichezacheza. Katoo alishika ncha ya pili, wakalisokota pamoja. Ndipo akamuuliza.

Sandra hakumtazama.

— Zinasema umechoka na mimi, papa.

Katoo alifungua mdomo aseme ni uongo. Maji yalimdondokea viatuni, yakaendelea kudondoka, na neno halikutoka.