Mama Joto na Majaribio ya Saa Moja Asubuhi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mpimaji Mkuu wa kituo chetu cha riadha atakabidhi funguo za chumba cha vipimo na kwenda zake nyumbani, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Hiyo miezi minne ameiongeza mwenyewe kwenye rasimu ya wasifu huu, kwa kalamu nyekundu, pamoja na saa ya kukabidhi funguo. Mimi ni mpanga ratiba wa kituo na katibu wa kamati ya uteuzi. Nimeketi naye ofisi moja miaka kumi na tisa, meza zetu zikitazamana, na nimeombwa nimwandikie maneno mazuri ya kwaheri. Nitajaribu.

Aliajiriwa kama karani wa matokeo. Kazi yake ilikuwa kunakili muda wa wakimbiaji kutoka kwenye fomu kwenda kwenye daftari kubwa, basi. Mtu mwingine angenakili akaenda kunywa chai. Yeye, hata mwaka haujaisha, akagundua kwamba mkimbiaji yuleyule, kwenye njia ileile, akiwa na viatu vilevile, alikuwa mzito asubuhi na mwepesi jioni. Tangu siku hiyo hakuna aliyepumua.

Alianza kuwapima joto la mwili mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Ndipo wanariadha wakambandika jina la Mama Joto, na siku hizi hata mumewe akipiga simu ofisini huuliza kama Mama Joto yupo. Aliwafuata bwaloni, akawafuata kwenye foleni ya bafu. Mrusha kisahani mmoja, pande la mtu, alizoea kujificha stoo nyuma ya magodoro ya kurukia, na Mama Joto akawa anamngoja hukohuko na kipimajoto mkononi. Aliwagawa watu kuwa majogoo na bundi, hadi bundi walipogoma kuitwa kwa jina la ndege wa nuksi. Akawaita watu wa jioni, kazi ikaendelea.

Maelezo yake nimeyasikia pengine mara mia nne na naweza kuyatoa usingizini. Mwili una saa yake. Alfajiri joto la mwili liko chini na misuli imekaza. Joto hupanda taratibu mchana kutwa, na kwa watu wengi nguvu na kasi hufika juu alasiri kuelekea jioni, ingawa majogoo huwahi na wengine huchelewa. Tofauti ni ndogo, lakini katika mbio fupi hakuna kingine ila tofauti ndogo. Aliyaeleza haya kwenye ngazi, kwenye foleni ya chai, na mara moja kwenye harusi ya mpwa wangu, bwana harusi akiwa amesimama anasubiri kukata keki.

Kisha akataka fomu ya matokeo iwe na safu ya kuandika saa ambayo mtu alikimbia. Nikamwambia fomu imejaa. Hakubishana. Alichukua rula akawa anaichora safu hiyo kwa mkono kwenye kila fomu, miaka sita, mpaka mpiga chapa wetu akadhani ni sehemu ya fomu akaichapa. Mimi niligundua baada ya mwaka mzima, na sikuwa na la kufanya.

Lazima niseme pia kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa jioni. Kabla ya saa nne asubuhi usimwulize kitu ukategemea jibu la kistaarabu. Lakini saa kumi na mbili kasorobo yuko getini, macho mekundu, anapiga miayo, anawangoja watu ambao hawamtaki. Miaka thelathini na miwili. Hili lilinikera kuliko yote, kwa sababu sikuweza kumwita mvivu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Majaribio ya kuteua timu yetu yalikuwa yakifanyika saa moja asubuhi. Kwa nini? Nilipekua majalada yote. Aliyenitangulia aliyapanga hivyo kwa kuwa aliyemtangulia alikuwa ameyapanga hivyo. Kocha Mkuu alipoulizwa alijibu kwamba biashara asubuhi, jioni mahesabu. Wakati huohuo mashindano tunayoteulia timu hukimbiwa jioni! Mama Joto aliandika katika barua yake ya kwanza kwamba kuchagua asubuhi timu ya kukimbia jioni ni kama kuonja chai kabla maji hayajachemka, halafu ukamlaumu muuzaji wa majani.

Barua hizo ziliandikwa kila Januari, kumi na nne kwa jumla, kila moja ikiwa na jedwali lake. Mimi ndiye niliyeandaa ajenda za kamati, na kila mwaka niliiweka barua yake chini ya Mengineyo. Kila aliyewahi kukaa kikaoni anajua Mengineyo ni nini. Ni wakati ambao wajumbe wameshasimama, mmoja anatafuta funguo za gari, mwingine anaulizia mwavuli wake. Mara kumi barua ilisomwa hivyo, ikaahirishwa hivyo. Mara tatu zilizofuata sikuiweka kabisa, kwa sababu wajumbe walikuwa wameshaanza kuguna. Sentensi hiyo haikuwemo kwenye rasimu niliyompa asome.

Katika miaka mitatu hiyo tulikuwa na mruka viunzi mmoja, binti wa fundi bomba anayetutengenezea mabomba ya kituo. Nafasi zilikuwa mbili tu. Asubuhi aligonga kiunzi cha pili kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akawa wa nne, mwaka uliofuata wa tatu, kisha wa nne tena. Jioni zilezile, mazoezini, alikimbia muda ambao ungempa nafasi ya pili kila mwaka. Mama Joto aliniwekea mezani vikaratasi viwili, cha asubuhi na cha jioni. Mimi nilivibana pamoja nikavitia kwenye jalada. Niliamini yule binti ni mvivu. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri bila kengele, na mama yangu alitulea tukiamini kwamba anayelala baada ya hapo ana kasoro ya tabia.

Mwaka huu binti ametimiza miaka ishirini na saba. Mwezi Januari alimwambia Mama Joto kwamba majaribio yajayo ndiyo yake ya mwisho. Akikosa, anakwenda kufanya kazi ya bomba na baba yake. Mama Joto aliingia ofisini, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akanifokea. “Ratiba si msahafu, mdogo wangu! Uliiandika kwa mkono wako, basi ifute kwa mkono wako!”

Nikajibu anavyojibu mtu asiye na hoja. Nikamwambia alete ushahidi, kana kwamba majedwali kumi na manne yalikuwa mapambo. Akanikamata hapohapo. Kwa wiki mbili, kila siku ya kazi, mimi na kitambi changu tulisimama kwenye ukingo wa shimo la mchanga tukaruka kwenda mbele, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, yeye akishika tepu. Wafanyakazi wa jikoni walikuwa wakitoka na masufuria yao kuja kutazama. Jioni niliruka mbali zaidi kwa sentimita tisa, mimi jogoo wa ukoo mzima. Nikailaumu tepu. Ikaletwa tepu nyingine. Nikaomba wiki ya tatu, na jibu likawa lilelile. Mama Joto alinionya kwamba kitambi cha mtu mmoja si utafiti, ila kinatosha kusogeza ajenda.

Nikaisogeza barua ya mwaka huu ikawa ajenda namba mbili, baada tu ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Kamati iliikubali kwa dakika kumi. Dakika kumi! Kocha Mkuu aliuliza swali moja tu, kama atawahi kufika nyumbani kabla chakula hakijapoa. Nilikaa pale na kalamu yangu nikatamani kujipiga nayo.

Majaribio yalifanyika mwezi uliopita, saa kumi na moja jioni. Binti wa fundi bomba alivuka viunzi vyote kumi bila kugusa hata kimoja, na akakimbia muda bora kuliko wowote aliowahi kuukimbia maishani. Akawa wa tatu. Waliomtangulia ni mabinti wawili wa miaka ishirini na ishirini na mmoja, na wa pili alimzidi kwa sehemu nne za mia za sekunde. Muda wake huo ungemwingiza kwenye timu mwaka jana, mwaka juzi na mwaka uliotangulia. Sikuweza kumtazama Mama Joto usoni.

Binti alikuja mpaka tulipoketi, bado anahema, akamkumbatia. “Shangazi, usilie,” akamwambia. “Leo nimeshindwa na watu. Miaka yote ile nilishindwa na ratiba.”

Hakuniangalia mimi aliposema hivyo. Afadhali angeniangalia.

Dada yangu, kituo kizima kinakushukuru kwa kila fomu na kila asubuhi uliyotukera. Majaribio ya jioni sasa yameandikwa kwenye kanuni, mahali ambapo kalamu ya mpanga ratiba haifiki. Kwa barua zile tatu nakuomba radhi mbele ya wote, na wiki hii nitakwenda kwa fundi bomba kumwomba radhi binti yake, jioni, akishatoka kazini. Nenda kwa amani, ulale hadi saa nne asubuhi, siku zako ziwe nyingi na njema. Atakayeleta barua baada yako, nitaisoma siku hiyohiyo.