Historia ya Mama Bahasha, Aliyetukalisha Meza Moja

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wageni mliowahi viti vya mbele kabla ndugu wa marehemu hawajafika, mimi ni wifi yake, dada wa mume wake, kazi yangu ni ususi, na familia imenipa jukumu la kusoma historia ya marehemu wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Bahasha. Kabla sijaanza niseme wazi kwamba tangu Jumatano familia imeletewa historia tatu zilizokwisha kuchapwa, moja kutoka chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa viungo, moja kutoka kikundi cha akina mama wa sokoni, na moja kutoka lile shirika lenye ofisi ghorofani, kila moja ikidai kwamba marehemu alikuwa mwanzilishi wake, moja imemzaa mwaka 1969, nyingine imempunguzia mtoto mmoja, na jambo pekee mlilokubaliana wote watatu ni kwamba amekufa. Zote tumeziacha nyumbani. Hii ninayosoma tumeiandika mimi na kaka yangu juu ya meza ya jikoni, nimeombwa niisome kwa upole, na nitajaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba namba saba ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto wanane wa baba fundi wa reli na mama aliyekuwa akifua nguo za watu. Dada zake wanasema kwamba alikuwa ndiye anayetumwa kwa majirani kuazima sufuria, kwa sababu akienda yeye hanyimwi, na hakunyimwa kwa kuwa alipoirudisha ilikuwa imesuguliwa mpaka chini, na alisimama mlangoni akaeleza ilipikiwa nini na nani alishiba. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari 1986 hadi 1989, na mwaka 1990 alijiunga na chuo cha uhazili, akamaliza Novemba 1991 akiwa wa pili darasani, na wa kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, alimpita kwa sababu ya mashine nzuri zaidi.

Tarehe 6 Januari 1992 aliajiriwa katika kiwanda cha rangi kama mpiga chapa, miaka minne baadaye akawa katibu muhtasi wa meneja, kazi aliyoifanya mpaka maradhi yalipomwondoa tarehe 30 Juni 2023, katika chumba kile kidogo chenye dirisha linalotazama mapipa ya rangi, mahali ambapo hata maandazi yalinukia tapentaini. Moja ya kazi zake ilikuwa kufungua barua za maombi ya misaada, na alituambia mara nyingi kwamba meneja hakuwa mchoyo, alikuwa amechoka tu, maana kila wiki zilikuja barua kumi na tano au ishirini, zote zikianza na maneno yale yale, zote zikitaka pesa bila kusema ni za nini hasa, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi kumwambia kile alichotoa mwaka uliopita kilifanya nini.

Tarehe 20 Aprili 1996 alifunga ndoa na kaka yangu, fundi bomba, na sitaficha kwamba mimi sikumtaka, kwa sababu nilimpelekea kadi ya mwaliko niliyoiandika kwa mkono wangu, akanirudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, sehemu tano. Nilimnunia mwaka mzima. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1998, wa pili kijana ambaye sasa ni fundi umeme, na wa tatu binti aliye chuoni, na wote wako hapa.

Yule wa kwanza alichelewa kulia alipozaliwa, viungo vyake vikakaza, na daktari akasema dawa yake ni mazoezi, mengi na bila kuacha, ila mazoezi yenyewe yalikuwa katika hospitali kubwa, safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo mara mbili kwa wiki, kwa miaka kumi na zaidi, wifi yangu alimbeba mtoto mgongoni, na mtoto alipokuwa mzito hata asimweze, kaka yangu aliacha mabomba ya watu akambeba yeye. Katika mitaa yetu hii kulikuwa na watoto zaidi ya arobaini wa hali hiyo, wengi wamelazwa ndani tu, na kulikuwa na vyama vitatu, narudia vitatu, vilivyosema vinawasaidia.

Mwezi Agosti 2009, katika wiki moja, zilifika mezani kwake kazini barua tatu kutoka kwa vyama hivyo vitatu, zote zikimwomba meneja vifaa vya mazoezi kwa watoto wale wale, na alipozifungua alikuta katika mbili kati yake picha ya binti yake mwenyewe, na katika moja chini ya picha pameandikwa kwamba huyu ni yatima. Hakupiga kelele, jambo ambalo mimi ningelifanya, bali aliwaita viongozi wote watatu nyumbani kwake Jumamosi, akawakaribisha sebuleni, akaziweka barua mezani zikiwa zimefunguliwa, na wakati anawamiminia chai akasema, “Huyu mnayemwita yatima, mama yake ndiye anayewawekea sukari.” Wanaojijua wanajua, na mmoja wao hivi sasa anatazama viatu vyake.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo leo kila mtu anaiita yake. Aliwaeleza kwamba kuomba ni kazi kama kazi nyingine na ina mpango wake, kwamba mwenye mbao haombwi pesa, anaombwa mbao, shule haiombwi msaada, inaombwa ile stoo ya nyuma iliyojaa madawati mabovu, hospitali inaombwa mtaalamu wa mazoezi asubuhi mbili tu kwa wiki, na kwamba tajiri hafuatwi mpaka sisi wenyewe tumetoa kwanza, hata kidogo, ili aone anaungana na watu waliokwisha kuanza. Chama cha wazazi kilijua kila mtoto na kila nyumba, kikafanya orodha, kikundi cha sokoni kilikuwa na watu na kilikuwa na desturi ya kuchanga kila Ijumaa, kikashona magodoro, shirika la ghorofani lilijua kuandika na kuongea na wakubwa, likaandika barua moja, moja tu, yenye mihuri mitatu. Na kila aliyetoa, hata aliyetoa kopo la misumari, ndani ya siku thelathini alipelekewa bahasha na marehemu kwa mkono wake, na kwa kuwa nasikia watu wanacheka kule nyuma, hazikuwa bahasha mnazozifikiria ninyi, ndani mlikuwa na barua ya shukrani na picha ya kilichofanyika, basi. Meneja wa rangi alipopata ya kwanza aliisoma mara mbili, akauliza ni nini kinakosekana bado.

Ile stoo ya shule ikawa chumba cha mazoezi, kikafunguliwa tarehe 6 Juni 2011, sakafu ya saruji, madirisha mawili, na vyuma viwili vya kushikilia mtoto anapojifunza kutembea, vilivyochimbiwa chini na mchomeleaji wa mtaa wa pili, aliyekataa malipo. Kwa miaka kumi na moja walipita pale watoto mia moja na ishirini na nane, tisa kati yao ni watu wazima wanaofanya kazi zao, na binti wa marehemu, akiwa na miaka kumi na mitatu, alitembea kutoka mwanzo wa vyuma mpaka mwisho mbele ya macho yangu, na mama yake hakupiga makofi, alitoka nje akaenda kulia nyuma ya choo cha shule. Na mimi nilimfuata, tukalia wote.

Sasa nafika mahali ambapo historia zenu zote tatu zimeruka. Mwaka 2022 wafadhili wakubwa walisikia habari za chumba kile, wakaja, wakapenda kwamba vyama vitatu vinafanya kazi pamoja, wakakubali kujenga vyumba viwili zaidi na kununua gari la kuwachukua watoto, na wakaomba kitu kimoja kidogo, kibao cha nje chenye majina ya wahusika. Kibao. Mligombana miezi minne jina la nani liwe juu. Tarehe 19 Novemba 2022, Jumamosi, katika darasa la tatu, mlipiga kura ya kugawana, shirika likachukua vitanda na baiskeli ya mazoezi, kikundi kikachukua magodoro, chama cha wazazi kikabaki na ufunguo, wafadhili wakaondoka na gari lao, na vile vyuma mlijaribu kuving'oa kwa nyundo mkashindwa, alama ziko mpaka leo. Mtaalamu wa mazoezi alikuja Jumatatu akakuta kufuli.

Nami sijitoi. Mimi ni mwanachama wa kikundi cha sokoni, siku ile nilinyoosha mkono, kwa sababu jina letu liliwekwa la tatu na niliona tumedharauliwa, na wifi yangu alikuwa amekaa safu ya mbele, akageuka, akahesabu mikono, akauona na wangu. Magodoro mawili ya watoto wale yalikaa saluni kwangu miaka miwili, wateja wakiyakalia, na yeye alikuwa akija kusukwa, anayaona, ananiuliza habari za nyumbani.

Mwezi Machi 2023 marehemu aliona uvimbe katika titi la kushoto, akapangiwa vipimo tarehe 11 Aprili, na tarehe hiyo hiyo viongozi wawili wakamwambia wako tayari kwa kikao cha kupatana, akaacha hospitali akaenda kikaoni, akakaa peke yake kwenye lile darasa kuanzia saa tatu hadi saa saba, hakuna aliyekuja. Alipangiwa tena tarehe 9 Mei, mkamwita tena, akaenda tena, akaja mmoja tu, akasema hawezi kuongea bila wenzake. Kaka yangu alimsihi, watoto walimsihi, yeye alijibu kwamba hospitali haihami. Vipimo vilifanyika tarehe 13 Juni, na majibu yalipotoka ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu. Sisemi kwamba ninyi ndio mliomuua, daktari ametueleza kwamba hakuna ajuaye wiki tisa zingebadilisha nini, ninasema tu tarehe, kwa kuwa historia ya marehemu inataka tarehe.

Alitibiwa mwaka mmoja na miezi saba, akapata nafuu, akazidiwa, na alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 27 Januari 2025, wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Jumamosi moja nilipokuwa namchana nywele zilizoanza kuota upya nilimwomba msamaha wa ule mkono, akaniambia aliusamehe siku ile ile, maana alijua nina kichwa kigumu, kisha akanishika kifundo cha mkono na kusema, “Siku ya kunizika ndiyo siku pekee watakaa pamoja wote watatu. Usiipoteze.” Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule muuguzi wa asubuhi aliyekuwa akimfungulia dirisha bila kuombwa, majirani waliopokezana kupika na kufua bila kuitisha kikao, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha rangi, ambao wameleta jeneza walilolipaka wenyewe, na yule mtaalamu wa mazoezi, aliyeendelea kuja nyumbani kwa binti yetu kila Alhamisi bila malipo. Vyama vitatu hatuvishukuru leo.

Jana nimepeleka magodoro yale mawili kwa mwalimu mkuu, yako ofisini kwake. Mkurugenzi wa shirika, vitanda viko kwenye korido yako ghorofani, nimeviona, vimewekewa maboksi juu. Katibu wa kikundi changu, wewe unajua magodoro mengine yako wapi, nami pia najua, tusianze kutajana. Mwenyekiti wa wazazi, ufunguo uko kwako. Mtaalamu amesema Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa mlangoni, na akina mama wa watoto kumi na wanne wamesema watakuja, na nawaomba, kwa niaba ya huyu aliyelala hapa mbele yenu, msiondoke hapa kila mmoja na njia yake kabla hamjakaa chini mkapangana.

Wifi yangu, karatasi ilitaka nimalizie kwa kukuambia upumzike kwa amani, na mimi siwezi kukudanganya mbele ya watu wote hawa. Kwa leo lala tu. Jumatatu mchana, mlango ukishafunguliwa, nitakuja hapa peke yangu nikuambie upumzike.